Omba Choo, Usipewe Ndoo ya Kuoga

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya watu wanaojifunza Kiingereza hapa Lubumbashi, katika ukumbi wa parokia. Waliozuiwa na mvua wameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani.

Jambo yenu, bamama na bapapa, bayaya na wadogo zangu. Aksanti kwa kuja na mvua hii.

Nianze kwa kuomba radhi, maana mada ya leo inanuka. Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kama kweli mtu mwenye ndevu nyeupe anaweza kusimama mbele za watu kuzungumzia choo. Nikamuuliza na mimi: Mama, mwaka huu umeshika njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara ngapi? Akasema hesabu imempotea. Na ukishavuka mpaka, neno gani la Kiingereza unalihitaji kwanza, kabla ya bei, kabla ya kilo, kabla hata ya salamu? Akacheka, akaingia. Ameketi pale mbele, mnamuona.

Nawauliza na ninyi. Nani hapa hajawahi kusimama katika mji wa wageni, tumbo linamsokota, na neno halimjii? Naona hakuna mkono. Basi tuko pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa mgeni kutoka Marekani, mama wa makamo, mpole sana. Familia moja ya Katuba ikatualika chakula cha mchana. Tumekaa, tumekunywa, mara mgeni akaniinamia sikioni: "Could I use your bathroom?" Mimi Kiingereza nilikitoa katika kamusi, nikatafsiri kama kamusi. Nikamwambia mwenye nyumba: "Mama, mugeni anaomba fasi ya kunawa." Mama yule hakushangaa hata kidogo. Mgeni ametoka mbali, jua la mwezi wa kumi linawaka, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Akitaka kuoga kuna ubaya gani? Makala, makaa yetu ya kupikia, ikapulizwa upya, sufuria kubwa ikapanda jikoni, mtoto akatumwa dukani kuleta sabuni ambayo haijafunguliwa, na kitenge kipya kikatolewa katika sanduku kiwe taulo. Dakika ishirini, jamani! Dakika ishirini mgeni anapachika mguu huu juu ya huu, anaushusha, anaupachika tena, anatabasamu huku jasho linamtoka. Kisha ikaja ndoo, mvuke unapanda, na mtoto nyuma yake na sabuni juu ya sahani.

Mgeni akaitazama ndoo. Halafu akanitazama mimi. Na choo ilikuwa hatua kumi tu, nyuma ya lupango, ua wa nyumba.

Siku ile nilijifunza kwamba Mmarekani akisema "bathroom" hataki kuoga. Kwao nyumba nyingi zina choo na mahali pa kuogea katika chumba kimoja, kwa hiyo jina la kuoga limekifunika choo. Limekifunika kabisa, hata chumba chenye choo na karai ya kunawia mikono peke yake, pasipo tone la maji ya kuogea, wanakiita "half bath", yaani nusu ya mahali pa kuogea. Nusu gani? Akiwa mtaani, dukani, hotelini, atatafuta "restroom", chumba cha kupumzikia. Ukiingia humo na mkeka wako ulale, watakufukuza. Ukipanda juu mpaka Kanada, neno linageuka: wao wanasema "washroom", mahali pa kunawa. Ufilipino, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali, mlangoni utakuta herufi mbili, "CR", "comfort room", chumba cha faraja. Hao wa mwisho nawapenda. Angalau wamesema mtu anavyojisikia akitoka.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kunawa. Kupumzika. Kuoga. Faraja. Mmesikia mahali popote neno linalotaja kile tunachokwenda kukifanya? Hakuna! Katika Kiswahili tunaita tafsida, kulivika jambo zito nguo nyepesi. Na nguo ya tafsida inachafuka. Ukilivisha jambo lile lile neno moja miaka na miaka, neno linaanza kunuka kama jambo lenyewe, watu wanalivua, wanatafuta jipya. Ndiyo maana maneno ni mengi. Kila kizazi kilishona pazia lake, na kila nchi ikatundika la kwake.

Na sisi je? Tusimcheke jirani. Mbele ya mama mkwe nani anasema anakwenda kufanya nini? Tunakwenda "nje". Tunakwenda "haja". Tanzania wanakwenda "msalani", na msala ni mkeka wa kuswalia pia, hebu fikirini umbali neno lilikotembea! Lakini Kiswahili kina ujasiri mmoja ambao Kiingereza hakina. Neno letu "choo" linataja mahali, na linataja pia kinachobaki mahali pale. Daktari anakuuliza, "Umepata choo?" Hakuulizi habari za nyumba.

Tuje kwenye mtego wetu sisi, watoto wa Kifaransa. Tunadhani maneno ya Wazungu yanafanana. Yanafanana kweli, na huko kufanana ndiko kunakotuangusha.

Chukueni "toilet". Limetoka katika Kifaransa, "toilette", yaani kitambaa kidogo, kutoka "toile", kitambaa. Lilikuwa kitambaa cha kutandika juu ya meza ya kujipambia. Kutoka kitambaa likahamia meza, kutoka meza likahamia kazi ya kujipamba, likahamia chumba cha kujipambia, mwishowe likaingia chooni na halikutoka tena. Wafaransa walio Ufaransa wanasema "les toilettes", kwa wingi, hata kama ni moja. Wabelgiji wanasema "la toilette", umoja. Na sisi tulisomeshwa na nani? Basi mkienda Paris mkasema "la toilette", mtu atajua mmepitia mikononi mwa nani kabla hamjataja Kongo.

Na vesé? Nani ataniambia vesé ni neno la lugha gani? ... Nasikia "Kifaransa". Mnaona! Vesé ni herufi mbili, W na C, na herufi hizo ni za Kiingereza: "water closet", kijumba kilichofungwa chenye maji. Mwaka 1775 fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, Alexander Cumming, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake: bomba lililopinda kama herufi S chini ya choo, ili maji yabaki pale kwenye kona na kuzuia harufu isirudi juu. Alitengeneza saa, ndugu zangu, na mkono uliozoea vitu vidogo ukatupatia kitu kile kikubwa. Wafaransa walichukua choo cha Kiingereza pamoja na jina, nao Waingereza wakachukua jina la Kifaransa kukipa choo chao. Kila mmoja amejifichia nyuma ya lugha ya mwenzake! Leo Mwingereza hana mazoea sana na WC katika mazungumzo, anaiona kwenye vibao. Mmarekani huenda asielewe kabisa. Na ukimwambia "closet" peke yake atakufungulia kabati la ukutani penye mashati yake.

Kuhusu "lavatory" nina aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kupanda ndege, kutoka hapa Luano kwenda Addis Ababa, niliona neno hilo juu ya mlango mdogo. Nikajisemea: lavabo hiyo. Lavabo kwetu ni karai ya kunawia, na sisi Wakatoliki tunaijua hata altareni, padri ananawa mikono, na zamani alinawa kwa maneno ya zaburi, "Lavabo". Nitanawa nini mimi, mikono yangu misafi? Nikakaa. Niliona watu wanaingia na kutoka, nikawasifu moyoni kwa usafi wao. Nilikaa hivyo mpaka Addis. Kumbe maneno yote mawili mama yao ni mmoja, kuosha kwa Kilatini, lakini mtoto wa Kifaransa alibaki kwenye karai na mtoto wa Kiingereza akaenda kukaa chooni. Mmarekani nyumbani kwake hasemi "lavatory", ila katika ndege analo.

Kisha kuna "cabinet". Hapa kwetu mtu akisema yuko kabine tunaelewa yuko chooni, ingawa waziri naye ana kabine yake, ofisi ya wasaidizi wake, na mkurugenzi wake, na vijana wanapenda sana kuchanganya makusudi. Dada mmoja, muuza vitenge, alinisimulia yaliyomkuta katika soko la Chisokone, Kitwe, huko Zambia. Alimuuliza kijana kwa adabu zote: "Please, where is cabinet?" Kijana akamwambia nifuate. Wakapita vitunguu, wakapita viatu, wakafika kwa mafundi seremala. Mzee mmoja akamwonyesha kabati refu lenye vioo, akamtajia bei: kwacha elfu mbili. Dada alijua choo cha soko kinalipiwa. Lakini elfu mbili? Akasema ni nyingi mno. Mzee akashuka, elfu moja na mia nane. Dada akasema, "Papa, ni kwa mara moja tu!" Mzee akamjibu kwamba hata yeye haliuzi mara mbili.

Naona mama wa mbele anafuta machozi. Tuendelee.

"Dushi" nitalipita mbio: kwetu ni mahali pa kuogea, lakini kwa Mmarekani "douche" ni tusi. Msiulize zaidi, tuko parokia.

Uingereza kwenyewe mambo yana ukali mwingine. Kule neno la choo linaweza kumwambia mtu baba yako alikuwa nani. Mwaka 1954 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Birmingham, Alan Ross, alichapisha makala, na aliichapisha katika jarida la Finland, mbali na nyumbani, juu ya namna watu wa tabaka la juu la Uingereza wanavyojitambulisha kwa maneno. Pesa wengine walikuwa nazo, shule walikwenda, lakini neno liliwasaliti. Karatasi ile mnayoijua, wakubwa waliiita "lavatory-paper", na aliyesema "toilet-paper" alijulikana mara moja si wa kwao. Sikieni maajabu: neno lenye sura ya Kifaransa, lililoonekana la kifahari, ndilo lililomshusha mtu! Anayejitahidi kusema vizuri ndiye anayegunduliwa. Mimi hapo nawaonea huruma. Hapa mtu akikosea neno tunacheka na kumwonyesha mlango wa nyuma, yamekwisha.

Neno la kirafiki kule ni "loo". Waingereza wengi wanalitumia nyumbani na kwa marafiki, na wenye kamusi hawajakubaliana lilikotoka. Wengine husema ni "Waterloo". Wengine wanataja Edinburgh ya zamani, ambako mtu akimwaga ndoo ya usiku kutoka ghorofani alipiga kelele "gardyloo!", Kifaransa kilichochubuliwa cha kuonya wapita njia wajihadhari na maji. Maji, alisema! Hata ndoo ikiwa angani, pazia lilikuwapo. Na mkiona kibao "public convenience" Uingereza, ni choo cha watu wote. Lakini "convenience store" ni duka la mikate na soda. Tafadhali msibadilishe.

Turudi barani kwetu, maana sisi nasi tumeshona mapazia ya Kiingereza, na ni mazuri. Kenya, nasema nchi ya Kenya, si commune yetu ya Kenya, na Uganda na Tanzania, mtu husema "short call" na "long call". Ni haja ndogo na haja kubwa, zimevaa suti. Mwafrika Mashariki akisema katika mkutano anatoka kwa "short call", Mwingereza anadhani anakwenda kupiga simu.

Hapo namkumbuka dereva mmoja wa Dar es Salaam. Malori yao mnayajua, yanapanga foleni Kasumbalesa hadi mtu anasahau alikuwa anakwenda wapi. Dereva huyo aliitwa katika ofisi moja kutia sahihi karatasi zake. Ndani kuna mkubwa mzungumza Kiingereza, na kando meza imepangwa chai, maandazi na ndizi kwa ajili ya mkutano. Dereva alikuwa amebanwa tangu alfajiri. Kwao mtu mwenye adabu husema anakwenda kujisaidia. Akakigeuza Kiswahili chake neno kwa neno: "Excuse me, sir. I want to help myself."

Kwa Kiingereza maneno hayo maana yake ni kujipakulia chakula. Mkubwa akafurahi. "Please! Please!" akasema, na kwa mkono wote akamwonyesha ile meza.

Dereva aliniambia: "Mzee, niliitazama meza. Nikamtazama yule bwana. Nikasema moyoni, hawa watu wana mila gani?"

[Hapa ilinibidi nisubiri kidogo.]

Kuna watu waliochoka na mapazia, na tuwasikilize hao pia. Mwaka 2000, huko Bangladesh, mtaalamu kutoka India, Kamal Kar, alianza kuwaongoza wanakijiji watembee pamoja mahali wanapokwenda haja porini, watazame, wanuse, wakisie uchafu ule unafikaje kwenye chakula chao. Njia hiyo imefika nchi nyingi, Kongo pia. Na wanaoifuata wana sharti moja la lugha: usiseme "kinyesi", usiseme "uchafu wa binadamu". Sema neno la kijijini, lile ambalo mtoto akilisema anapigwa. Kwetu mnalijua, linaanza na M, nami nimemwahidi padri sitalitamka. Wanasema ukilifunika neno, watu wanatikisa kichwa na kurudi porini. Naye Jack Sim wa Singapore alipoanzisha shirika lake la vyoo mwaka 2001, tarehe 19 Novemba, angeweza kuliita la "sanitation", yaani usafi, kama wataalamu wote. Akasema hapana: World Toilet Organization, ili kifupi chake kiwe WTO, sawa na lile shirika kubwa la biashara ya dunia. Watu walicheka, na wakicheka wanasikiliza. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukaikubali tarehe hiyo kuwa Siku ya Choo Duniani. Wale wanaopenda maneno marefu kuliko mtu yeyote, safari hii walisema choo.

Mama wa mbele ameinua mkono. Semeni, Mama.

Anasema: "Mwalimu, umetuchekesha, umetuzungusha Uingereza na Marekani. Mie niko naenda Ndola siku ya ine. Niseme nini?"

Swali la mtu mwenye tikiti mfukoni. Mama, Ndola, Kitwe, Chingola, Lusaka, sema "toilet". "Excuse me, where is the toilet?" Basi. Watakuelewa dukani, watakuelewa sokoni, na hakuna atakayekuuliza baba yako ni nani. Ukienda kumtazama mtoto shuleni ukaona kibao "ablution block", ni hapo hapo, ni neno ambalo nchi za kusini mwetu wanalipenda. Ukiwa kijijini, kile cha shimo ni "pit latrine", na "latrine" hilo unalijua tayari kutoka Kifaransa. Ukiwa na mgeni Mmarekani na akaomba "bathroom", usiwashe makala. Na kokote utakapokuwa, usiseme "cabinet", isipokuwa una kwacha elfu mbili na gari la kulibebea.

Sasa tunapumzika dakika kumi na tano. Choo ya parokia iko nyuma, mlango wa bluu, pembeni ya tangi. Ufunguo anao papa sentineli, mlinzi wetu. Ninyi hamjui kwamba papa huyu alifanya kazi Ndola miaka mingi, Kiingereza chake ni safi, na nimemwomba leo asitoe ufunguo kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Ila nawaonya mapema: mtu akimwomba "restroom", amesema atamletea kiti.

Mama, nenda wewe kwanza.